Nilivyojifunza Sumakuumeme na Fizikia ya Kwanta Baada ya Kuanguka Mtihani

Katika mtihani wangu wa kwanza wa sumakuumeme nilipata alama 31 kati ya 100, na kilichoniuma zaidi si alama zenyewe bali kwamba nilikuwa nimetoka chumba cha mtihani nikiwa na uhakika kuwa nimefaulu. Nilikuwa nimesoma kurasa zote za somo, nimezipigia mistari, na nimekariri fomula hadi zikawa zinatoka zenyewe bila kuangalia popote. Swali la kwanza liliuliza ukubwa wa uga wa umeme, yaani nguvu ambayo chaji huieneza katika nafasi inayoizunguka, kwenye nukta iliyo mkabala na katikati ya fimbo fupi iliyotandazwa chaji kwa usawa. Bila kusita nilichora silinda kuizunguka fimbo, nikaiita sheria ya Gauss, nikaandika jibu kwa mistari mitatu na kusonga mbele kwa furaha. Karatasi iliporudi, msahihishaji alikuwa ameandika pembeni maneno mawili tu: "Fimbo fupi?"

Ilinichukua siku nzima kuelewa maneno hayo mawili. Sheria ya Gauss ni kweli kwa umbo lolote, lakini kuwa kweli ni jambo moja na kukufaa ni jambo jingine. Inasema kwamba jumla ya mtiririko wa uga unaotoka kwenye uso uliofungwa ni sawa na chaji iliyomo ndani yake ikigawanywa kwa thamani isiyobadilika iitwayo epsiloni sifuri. Haisemi kwamba uga una ukubwa gani kwenye kila nukta ya uso huo. Ili uweze kuutoa uga kutoka ndani ya jumla hiyo, ni lazima ulinganifu wa umbo ukuhakikishie kwamba uga ni uleule kila mahali kwenye uso uliouchagua, na fimbo fupi haina ulinganifu huo kwa sababu ina ncha mbili. Nilikuwa nimejibu swali la waya usio na mwisho, ambalo hakuna aliyeniuliza.

Kosa hilo lingeweza kugunduliwa kwa nusu dakika. Jibu langu lilidai kwamba uga hupungua kwa uwiano wa umbali hata mtu akiwa mbali sana na fimbo, ilhali mtu aliye mbali sana anaiona fimbo nzima kama nukta moja ya chaji, na uga wa nukta hupungua kwa mraba wa umbali. Jibu sahihi, ambalo hupatikana kwa kuikata fimbo katika vipande vidogo na kujumlisha mchango wa kila kipande, lina tabia zote mbili ndani yake: mtazamaji akiwa karibu sana linageuka kuwa jibu la waya usio na mwisho, akiwa mbali sana linageuka kuwa sheria ya Coulomb. Tangu siku hiyo sijawahi kukabidhi jibu la fizikia bila kulisukuma hadi kwenye mipaka yake ili nione kama bado lina akili. Umbali uwe mkubwa mno, masi iwe sifuri, pembe iwe nyuzi 90, mzunguko uwe wa polepole kabisa. Kila mpaka ni shahidi ambaye hakulipwa na yeyote, na mara nyingi anasema ukweli kabla ya msahihishaji kufika.

Ushauri ambao ningeutoa hata kama ningeruhusiwa kutoa mmoja tu ni huu: kabla hujaitumia fomula, iseme kwa maneno ya kawaida, kisha useme inadai nini na haidai nini. Chukua sheria ya Faraday, iliyotokana na majaribio yake ya mwaka 1831. Kwa maneno, inasema kwamba mtiririko wa uga wa sumaku unaopita ndani ya kitanzi ukibadilika, hutokea uga wa umeme unaokizunguka kitanzi hicho, na mkondo ambao uga huo ungeusukuma ungekuwa na mwelekeo wa kupinga badiliko lenyewe. Angalia kwamba sentensi hiyo haikutaja waya. Kwa miezi mitatu niliamini kuwa koili ndiyo "inayotengeneza" umeme, kumbe koili ni shahidi tu. Uga wa umeme unaozunguka upo hata pale ambapo hakuna kitu chochote isipokuwa ombwe. Fomula niliyoikariri ilikuwa sahihi kwa kila herufi, na picha niliyokuwa nayo kichwani ilikuwa mbovu. Mtihani mwepesi hautofautishi mambo hayo mawili, na hapo ndipo mwanafunzi hodari wa kukariri anapodanganyika.

Sehemu ya somo hili ninayoipenda kuliko zote ni ile ya kapasita (kifaa cha mabamba mawili kinachohifadhi chaji) inayochajiwa, na ningependa kila mwanafunzi akae nayo jioni nzima badala ya kuipita mbio kuelekea maswali ya mwisho wa sura. Sheria ya Ampère katika umbo lake la awali inasema kwamba uga wa sumaku kuzunguka kitanzi hutegemea mkondo wa umeme unaopenya uso ambao ukingo wake ni kitanzi hicho. Sasa zungusha kitanzi cha kufikirika kwenye waya unaoelekea kwenye kapasita. Ukichagua uso bapa, waya unaupenya, na mkondo upo. Ukichagua uso uliovimba kama mfuko na kupita katikati ya mabamba mawili ya kapasita, hakuna mkondo unaoupenya hata kidogo, kwa kuwa kati ya mabamba hakuna waya. Kitanzi ni kilekile, uga ni uleule, lakini sheria inatoa majibu mawili. Jambo kama hilo halivumiliki. Kipande ambacho Maxwell alikiongeza, kinachosema kwamba uga wa umeme unaobadilika nao huzaa uga wa sumaku, ndicho kinachoondoa mgongano huo, kwa sababu kati ya mabamba uga wa umeme unakua kadiri chaji inavyoongezeka.

Kipande hicho kimoja ndicho kinachofanya mawimbi ya sumakuumeme yawezekane, maana sasa kila uga ukibadilika unauzaa mwenzake. Ukifuata hesabu utapata kasi ya mawimbi hayo kutokana na thamani mbili zinazopatikana kwa vipimo vya chaji na mikondo, bila mwanga kutajwa popote. Tafadhali usiamini tu maandishi ya kitabu. Chukua kikokotoo, zidisha epsiloni sifuri kwa mu sifuri, mwenzake wa upande wa sumaku, tafuta mzizi wa mraba, kisha ugeuze. Zinatoka mita milioni 299.8 hivi kwa sekunde, na hiyo ndiyo kasi ya mwanga. Niliifanya hesabu hiyo peke yangu usiku, nikairudia mara tatu, kisha nikazima taa na kuiwasha tena kama mtoto. Maxwell alichapisha nadharia yake kamili mwaka 1865 ikiwa na milinganyo 20. Ile minne tunayoiona leo vitabuni ilipangwa baadaye, hasa na Oliver Heaviside. Maxwell alifariki mwaka 1879, kabla Heinrich Hertz hajayazalisha na kuyapokea mawimbi hayo katika maabara miaka ya mwisho ya 1880. Ninayataja haya kwa sababu yalinipunguzia aibu: kama milinganyo hiyo ilihitaji miongo miwili na vichwa vya aina hiyo ili iandikwe kwa ufupi, si ajabu kwamba mimi sikuielewa kwa wiki mbili.

Kuhusu hesabu, nitasema wazi. Sumakuumeme huwashinda wengi si kwa sababu ya fizikia yake bali kwa sababu ya kalkulasi ya vekta, yaani hesabu ya vitu vyenye ukubwa na mwelekeo, na mwanafunzi anayejaribu kujifunza vyote viwili kwa wakati mmoja anabeba mizigo miwili kichwani na hana mkono wa kuishikilia. Ningekuwa na nafasi ya kurudi nyuma, ningetumia mwezi mmoja kabla ya somo kuanza nikichora nyuga za vekta kwa mkono: uga unaotawanyika kutoka nukta moja, uga unaozunguka kama maji yanayoingia kwenye tundu la sinki, uga ulio sawa kila mahali. Ningejiuliza kwa kila mmoja kama unatawanyika, kama unajizungusha, na ni wapi hasa. Uga wa chaji moja, kwa mfano, unaonekana kwa macho kama unatawanyika kila mahali, kumbe hesabu inaonyesha kwamba mtawanyiko wake ni sifuri kila mahali isipokuwa kwenye nukta ya chaji yenyewe. Ukilielewa hilo kwa dhati, nusu ya somo la umemetuli imekwisha. Jambo jingine linalozalisha makosa kimyakimya ni kusahau kwamba katika mfumo wa tufe vekta za mwelekeo hubadilika kutoka nukta hadi nukta, kwa hiyo haziwezi kutolewa nje ya integrali kama ambavyo tunazitoa zile za mihimili mitatu iliyonyooka.

Nalo hili ni dogo lakini limewagharimu watu alama nyingi: mwanafunzi anayeandika kwa mkono wa kulia anapotafuta mwelekeo wa kani ya sumaku katika mtihani kwa kanuni ya mkono wa kulia, mara nyingi mkono huo umeshika kalamu, naye huutumia wa kushoto bila kujua. Weka kalamu chini.

Jizoeze pia kuhisi ukubwa wa vitu. Mkondo wa ampea 1 ukipita katika waya wa shaba wenye eneo la mkato la milimita 1 ya mraba, elektroni kwa wastani husogea kama milimita 0.07 kwa sekunde, maana yake elektroni moja ingehitaji zaidi ya saa tatu na nusu kusafiri mita moja. Hata hivyo taa huwaka papo hapo ukibonyeza swichi. Nilipoipata namba hiyo kwa mara ya kwanza nilidhani nimekosea vizio, nikaikagua mara kadhaa, na hatimaye nililazimika kukubali kwamba kinachokimbia ni uga, si elektroni, na kwamba nishati husafiri katika nafasi inayouzunguka waya. Hakuna mhadhara ulionibadilisha mawazo kuhusu mkondo wa umeme kama hesabu hiyo ya mistari minne.

Watu wengi huichukulia fizikia ya kwanta, yaani fizikia ya vitu vidogo kama atomu na elektroni, kuwa somo jingine kabisa, ambalo huanza pale sumakuumeme inapoishia. Kwangu mimi lilianza kueleweka nilipoona kwamba sumakuumeme yenyewe ndiyo iliyoidai. Chaji inayoongezewa mwendo au kubadilishwa mwelekeo hutoa mnururisho na kupoteza nishati. Elektroni inayozunguka kiini cha atomu hubadilishwa mwelekeo kila wakati, kwa hiyo ni lazima ipoteze nishati, ijizungushe kuelekea ndani na kuanguka kwenye kiini. Ukiikokotoa kwa fomula za kawaida za somo lile la kwanza, atomu ya haidrojeni inadumu kwa takriban sehemu moja na nusu ya sekunde iliyogawanywa mara bilioni 100. Ifanye hesabu hiyo mwenyewe kabla ya muhula wa kwanta kuanza. Utaingia darasani ukiwa na swali la kweli, kwa sababu meza unayoandikia haijaporomoka.

Hata hivyo masomo haya mawili yanasumbua kwa namna zinazopingana, na ndiyo sababu mbinu ya kusomea moja haihamishiki moja kwa moja hadi jingine. Katika sumakuumeme picha ipo na hesabu ndiyo nzito; ukichora vizuri, umeshafika nusu ya njia. Katika kwanta hesabu ya mwanzo ni nyepesi kwa kushangaza, lakini picha unanyimwa. Nilipoteza wiki nyingi za mwanzo nikitafuta picha: je, elektroni ni wimbi, ni chembe, imetandazwa kama ukungu, inapita katika mpasuo gani? Nilitazama video nyingi za intaneti zilizojaa paka, malimwengu sambamba na muziki wa kutisha, na kila baada ya video nilijiona nimeelimika, kisha nikikaa mbele ya swali nakuta sijui hata pa kuanzia. Sisemi kwamba maswali ya maana ya nadharia hii hayana thamani. Yana thamani kubwa, na watu makini wameyashughulikia kwa karibu miaka 100. Ninachosema ni kwamba mtu asiyeweza kukokotoa uwezekano wa matokeo ya jaribio rahisi hana bado kitu cha kufasiri.

Kwa hiyo ninashauri uanze na mfumo ulio mdogo kuliko yote, yaani ule wenye hali mbili tu. Mwaka 1922 Otto Stern na Walther Gerlach walipitisha atomu za fedha katika uga wa sumaku usio sawa, nao mwale wa atomu ukagawanyika mara mbili badala ya kutandaa. Chukua atomu zilizokwenda juu katika kifaa kilichosimama wima, uzipitishe katika kifaa cha pili kilicholazwa kwa ubavu: nusu zinakwenda kushoto na nusu kulia. Sasa zichukue zile za kulia tu, uzirudishe katika kifaa cha wima. Ungetarajia zote ziende juu, kwa kuwa tulishazichuja mwanzoni, lakini nusu yake zinakwenda chini. Kipimo cha ubavu kimefuta habari ya wima. Jambo hilo lote linaandikwa kwa vekta zenye namba mbili na matriki za safu mbili kwa mbili, na mtu anayejua kuzidisha matriki anaweza kulikokotoa kwa dakika 10. Hapo utakuwa umeshakutana na hali, kipimo, uwezekano na vitu visivyopimika kwa pamoja, kabla hata hujauona mlinganyo wa Schrödinger wa mwaka 1926. Mimi nilianzia kwenye mlinganyo huo kama wengi wanavyofundishwa, nikadhani kwanta ni somo la kutatua milinganyo ya kalkulasi, na ilinichukua muda mrefu kuona kwamba mzizi wake ni aljebra ya mstari.

Ukifika kwenye funksheni ya wimbi, yaani ile inayoeleza hali ya chembe katika kila mahali, jiulize vizio vyake. Swali hili linaonekana la kitoto, lakini nimelitumia kuwapima wenzangu na wengi hukwama. Mraba wa ukubwa wa funksheni hiyo, katika mwelekeo mmoja, ni uwezekano kwa kila mita. Kwa hiyo funksheni yenyewe ina kizio cha moja juu ya mzizi wa mraba wa mita. Hakuna kitu cha kawaida duniani kinachopimwa kwa kizio hicho, na hilo peke yake linatosha kukuzuia usiifikirie kama wimbi la maji. Aidha, vizio hivyo hukagua kazi yako bure: ukisahau kuifanya jumla ya uwezekano iwe moja, vizio ndivyo vitakavyokusuta.

Kisanduku chenye kuta zisizopenyeka ndicho swali ambalo kila mwalimu huanza nalo, na kwa kuwa hufunikwa kwa saa moja wanafunzi huliona dogo. Kaa nalo. Weka elektroni katika kisanduku chenye upana wa nanomita 1, na utapata kwamba nishati ya chini kabisa ni takriban elektronivolti 0.376, na ya pili ni mara nne yake. Tofauti kati ya hizo mbili ni elektronivolti 1.13 hivi. Gawanya 1240 kwa tofauti hiyo na utapata urefu wa wimbi la fotoni (chembe ya mwanga) kwa nanomita, karibu 1100, ambao uko kwenye infraredi. Namba 1240 ni zao la thamani ya Planck na kasi ya mwanga katika vizio vya elektronivolti na nanomita, na ni mojawapo ya namba chache ambazo nakushauri uzikariri kweli. Pamoja nayo weka 13.6, nishati ya kuing'oa elektroni ya haidrojeni kwa elektronivolti. Kwa namba hizo mbili tu unaweza kuukokotoa mstari mwekundu wa haidrojeni: zidisha 13.6 kwa tofauti ya robo moja na moja ya tisa, upate 1.89, kisha gawanya 1240 kwa hiyo, na nanomita 656 zinatokea mbele yako, zilezile zinazoonekana kwa kifaa cha kuchambulia mwanga. Nilipouona mstari huo kwa macho yangu maabara baada ya kuukokotoa usiku uliotangulia, niliacha kabisa kusema kwamba kwanta ni nadharia ya kufikirika.

Katika kisanduku hichohicho, kokotoa pia zao la mtawanyiko wa mahali na mtawanyiko wa momenta kwa hali ya chini kabisa. Utapata 0.568 ya thamani ya Planck iliyopunguzwa (yaani iliyogawanywa kwa mbili pai), ambayo ni zaidi kidogo ya nusu inayodaiwa na kanuni ya Heisenberg kuwa kiwango cha chini cha zao hilo. Hakuna kifaa kilichogusa elektroni katika hesabu hiyo, hakuna fotoni iliyoigonga. Wazo lililoenea kwamba kanuni hiyo inahusu upungufu wa vyombo vyetu linakufa hapo kimyakimya. Na jibu lako la nishati likikosewa kwa takriban mara 40, usihangaike kutafuta kosa mbali: umechanganya thamani ya Planck na ile iliyopunguzwa, maana mraba wa mbili pai ni 39.5. Nimelifanya kosa hilo mara nyingi kiasi kwamba namba 39.5 ikitokea popote naitambua kama sura ya jirani.

Kuna faida moja iliyofichika kwa anayesoma masomo haya mawili kwa makini, nayo ni kwamba hesabu ya la kwanza hurudi katika la pili ikiwa imebadilisha mavazi tu. Mwanga ukipita kutoka hewani kuingia kwenye kioo chenye kipeo cha mpindo cha 1.5 kwa pembe mraba, asilimia 4 ya nishati yake huakisiwa. Elektroni ikifika kwenye ngazi ya potensheli inayoshuka, ambapo namba yake ya wimbi inaongezeka mara 1.5, uwezekano wa kuakisiwa nao ni asilimia 4, kwa fomula ileile. Mpira unaoviringika kuteremka hauwezi kurudi nyuma ghafla ukiwa ukingoni mwa mteremko. Elektroni inaweza, kwa sababu ileile inayokufanya uone sura yako kwenye kioo cha dirisha. Vivyo hivyo, mbinu ya kutenganisha vigeu ambayo hutumika kutafuta potensheli kuzunguka tufe inazaa funksheni za Legendre, na funksheni hizo ndizo utakazozikuta tena kwenye pembe za atomu ya haidrojeni. Mwanafunzi aliyezipita kwa haraka mara ya kwanza, akisema hazitaulizwa, hulipa deni hilo na riba mwaka unaofuata.

Sasa kuhusu namna ya kufanya mazoezi, ambako ndiko nilikokuwa najidanganya zaidi. Nilikuwa nasoma swali, nalikodolea macho kwa dakika tano, nafungua majibu, nayafuata mstari kwa mstari nikitikisa kichwa kwa kukubali, kisha nalihesabu kuwa nimelifanya. Kufuata hatua za mtu mwingine kunahitaji akili tofauti kabisa na ile ya kuamua hatua ya kwanza. Baadaye nilijiwekea masharti: nikae na swali kwa nusu saa nzima nikiwa na karatasi tupu, nichore, niandike ninachojua na ninachotafuta, nijaribu hata njia nisiyoiamini, nikishindwa, nifungue jibu na kusoma hatua moja tu, kisha nilifunge. Swali lolote nililosaidiwa liliingia katika daftari la madeni, na baada ya siku tatu nililifanya tena kuanzia mwanzo bila msaada. Mara ya kwanza nilipofanya hivyo nilikuta kwamba kati ya maswali 12 niliyodhani nayajua, niliweza kuyamaliza 4. Inauma, lakini ni afadhali iume mezani kwako.

Kikundi cha kujisomea kilinifaa kwa jambo moja tu, nalo ni kueleza. Tulipokuwa tunakaa watano kila mmoja akiandika kwenye daftari lake, tulipoteza muda na kugawana makosa. Tulipoamua kwamba mmoja asimame ubaoni na wengine wawe na haki ya kuuliza "kwa nini?" mara tatu mfululizo, mambo yalibadilika, kwa kuwa watu wengi, nikiwemo mimi, huishiwa maneno kwenye "kwa nini" ya pili.

Mtihani wa marudio ulikuja na swali la tufe la chuma lisilo na chaji, lenye shimo ndani lisilo katikati, na ndani ya shimo hilo kuna chaji ambayo nayo haiko katikati ya shimo. Uliulizwa uga nje ya tufe. Kwa miezi minne nilikuwa nimeiogopa sheria ya Gauss kiasi kwamba niliona shimo lililokwenda upande na nikataka kuanza kujumlisha vipande. Nikaweka kalamu chini, nikaandika kwanza kwa maneno: ndani ya chuma uga ni sifuri, kwa hiyo chaji iliyokusanyika kwenye ukuta wa shimo inaifuta kabisa athari ya chaji ya ndani kwa mtu yeyote aliye nje ya shimo, kiasi kilekile kinabaki kwenye uso wa nje, na uso huo, usiojua lolote kuhusu shimo, unakitandaza kwa usawa. Ulinganifu upo, ila umejificha nje. Maneno hayo yalichukua dakika kumi, silinda haikuhitajika, na hesabu yenyewe ilikuwa mstari mmoja.